Ukoko Ulio Hai: Habari za Udongo wa Jangwani na Maji Yake

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana ambacho watu wengi hukikanyaga wasikijue. Kila mpishi aujua ukoko, lile tabaka gumu la wali linaloshika chini ya chungu. Udongo nao una ukoko wake, ila huo huwa juu, si chini; na katika nchi nyingi za jangwa ukoko huo si kitu kifu. Uko hai. Hunywa, hupumua, hulala na kuamka, na una neno kubwa katika lile jambo ambalo mtu wa nchi kavu huliwaza asubuhi na jioni, yaani, mvua ikiisha kunyesha, maji yake huenda wapi?

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Katika mashamba yetu mvua kubwa ikipiga udongo mtupu, matone huvunja madonge, vumbi laini huziba matundu, na jua likitoka udongo hufunga uso kama tofali bichi. Huo pia ni ukoko, lakini hauna uhai. Ni kazi ya matone tu. Ukoko ninaousema leo umefumwa. Ukiinua kipande chake polepole kwa ncha ya kisu, utaona nyuzi nyembamba zinaning'inia chini yake, zimeshika chembe za mchanga kama shanga katika uzi. Nyuzi hizo ni sianobakteria, viumbe vidogo ambao hadubini ndiyo ituonyeshayo vizuri umbo lao, nao hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani ya miti. Mashuhuri katika hao ni aitwaye Microcoleus. Nyuzi zake nyingi hukaa pamoja ndani ya ala moja yenye utelezi, na hata nyuzi zikihama, ala hubaki udongoni ikiendelea kushika mchanga. Baada ya hao huja kuvu, kisha yale madoa ya kijivu, meusi na ya manjano ambayo mmeyaona juu ya mawe. Na penye unyevu kidogo zaidi huota vile vimea laini kama manyoya vinavyofunika magogo katika misitu ya milimani. Wote pamoja, unene wao aghalabu ni milimeta chache tu. Walakini mwaka 2018 wataalamu walikadiria kwamba ukoko wa namna hii umefunika yapata sehemu 12 katika kila sehemu 100 za nchi kavu ya dunia.

Maisha yao ni ya ajabu. Miezi ya kiangazi hukaa wamekauka kabisa, wala huwezi kuwatambua na vumbi. Tone la mvua likiwafikia huamka kwa muda wa dakika chache, wakaanza kazi. Mwaka 2001 wataalamu wawili walieleza kwamba nyuzi za Microcoleus hufuata maji: udongo ukilowa, hupanda juu ya uso, na jangwa lililokuwa na rangi ya kahawia huwa kijani machoni pako, udongo ukianza kukauka, hushuka tena chini ya chembe za mchanga, jua lisiwaunguze. Wengine wasiojua kushuka hujipaka rangi nyeusi iwakingayo na jua, kama sisi tunavyofungua mwavuli. Ishikeni akilini rangi hiyo nyeusi, maana nitairudia.

Sasa tuifuate mvua yenyewe. Tone likianguka jangwani lina njia tatu. Laweza kuzama chini likafika penye mizizi. Laweza kutiririka juu ya uso likaenda mahali pengine. Au laweza kubaki karibu na uso hata jua likalichukua hewani kama mvuke. Ukoko hukaa mlangoni pa njia zote tatu. Ala zile za utelezi zikilowa huvimba, zikaziba matundu madogo ya udongo. Tena ukoko hunasa vumbi laini liletwalo na upepo, na vumbi hilo hushika maji kuliko mchanga mtupu ushikavyo. Kwa hiyo mara nyingi maji huzama polepole zaidi palipo na ukoko, na sehemu kubwa hubaki juu.

Watu wengine husikia habari hii wakasema, "Vema, basi ukoko ni mlinzi wa maji, kwa kuwa unayazuia yasipotee." Neno hilo ni jepesi mno. Maji yaliyobaki juu ndiyo yaliyo karibu zaidi na jua. Fikirini taa ya mafuta. Mafuta yaliyo chini hayaungui mpaka yapande kwa utambi. Utambi ukikatika, mafuta yote hukaa salama. Ndivyo ilivyo udongoni. Maji yaliyozama katika mchanga mnene hukaa chini, na tabaka ya juu ikikauka huwa kama utambi uliokatika, haiyanyonyi tena. Ndiyo sababu wakulima wengi wa nchi kavu hupitisha jembe juu juu baada ya mvua, wakauacha uso wa shamba ukiwa tifutifu. Bali uso wenye chembe laini ni kama utambi mzima: huendelea kunyonya na kutoa mvuke.

Wanafunzi waweza kujaribu jambo hili bila gharama. Chukueni makopo mawili mapana, myajaze mchanga mkavu wa mtoni. Katika kopo la pili ondoeni mchanga wa juu kiasi cha vidole viwili, na mahali pake tieni vumbi laini lililochekechwa. Mwagieni kila kopo kikombe kimoja cha kahawa cha maji, polepole, kisha wekeni makopo juani. Kesho yake chimbeni kwa kijiko. Katika kopo la kwanza mtaona mchanga wa juu umekauka, na chini yake kuna unyevu. Katika kopo la pili mchanga wa chini haukupata maji tangu mwanzo. Yote yalishikwa na vumbi la juu, na jua limekwisha kuyala au liko karibu kuyamaliza. Hapo hakuna uhai wowote, ni vumbi tu. Lakini mtakuwa mmeona nusu ya kazi ya ukoko.

Nusu ya pili ni ile rangi nyeusi. Sote twajua kwamba nguo nyeusi juani huchoma kuliko nyeupe. Mwaka 2016 wataalamu waliopima ukoko wa jangwa la Marekani walionyesha kwamba rangi ya viumbe hao yaweza kuupandisha joto uso wa udongo kwa digrii 10 za sentigredi. Udongo wenye joto hutoa mvuke upesi zaidi. Kwa upande mwingine, ukoko uliokauka vizuri huweza kuwa kama kifuniko, na matundu yaliyozibwa hayapitishi mvuke kwa urahisi. Basi nguvu mbili zavutana katika kitu kimoja, wala si ajabu kwamba waliopima hawakukubaliana. Katika mwaka 1941 Mmarekani mmoja, jina lake W. E. Booth, aliandika habari za mashamba yaliyoachwa na kumomonyoka katika nchi za kati za Marekani. Alikuta kwamba udongo wa juu uliofunikwa na ukoko ulikuwa na unyevu zaidi kuliko udongo mtupu ulio jirani. Wengine waliofuata, katika majangwa mengine, walipata kinyume. Mwaka 2020 yalikusanywa matokeo ya vipimo karibu 3,000 kutoka nchi nyingi, na jumla yake ni hii: palipo na ukoko, uzamaji wa maji ulipungua kwa sehemu 34 katika 100, maji yaliyokaa katika udongo yaliongezeka kwa sehemu 14, hasa katika zile sentimeta tatu za juu, na udongo uliochukuliwa na maji ulipungua kwa sehemu 68. Katika hesabu zote hizo, ya mwisho ndiyo kubwa kupita zote. Juu ya kuzuia mmomonyoko karibu wote wapatana, juu ya maji, lazima kuuliza kwanza, "Ni jangwa gani?"

Umbo la ukoko ni sababu moja. Katika nchi ya Utah, huko Marekani, majira ya baridi huleta jalidi. Maji yaliyo udongoni huganda, yakavimba na kuinua ukoko, na mvua na upepo huuchonga, hata uso wa nchi ukawa na vilima vidogo vyeusi na mabonde yake, kama mji mzima ulioangaliwa kutoka juu ya mlima. Maji hayawezi kukimbia juu ya uso kama huo. Hutuama katika vishimo, yakapata nafasi ya kuzama. Lakini katika majangwa ya joto yasiyo na jalidi ukoko huwa laini kama sakafu, na maji huteleza juu yake.

Nikiwa bado Utah, sina budi kueleza habari moja ambayo kwangu ndiyo inayostaajabisha kuliko zote. Ukoko ule hustahimili dhoruba ya upepo, lakini hauwezi kustahimili kwato, wala buti la mtu, wala gurudumu la motokaa. Ukikauka huwa kama chapati iliyokaushwa, ukiukanyaga huvunjika. Tangu katikati ya karne ya 19 makundi makubwa ya ng'ombe na kondoo yaliingia katika nchi zile kavu, na mchanga uliofungwa kwa karne nyingi ukafunguliwa. Upepo ukaubeba kama vumbi mpaka milima mirefu iliyo mashariki, ambayo vilele vyake hufunikwa na theluji. Matope ya ziwani huko milimani yameweka kumbukumbu yake: baada ya wafugaji kuingia, vumbi liliongezeka mara tano kuliko zamani. Theluji nyeupe hurudisha mwanga wa jua. Theluji yenye vumbi hunyonya joto, ikayeyuka kabla ya wakati wake. Mlima ukiwa wazi mapema, majani huota mapema, na kwa wiki kadhaa zaidi mimea na udongo hutoa mvuke hewani. Mwaka 2010 wataalamu walihesabu kwamba kwa njia hii mto Colorado hupoteza yapata sehemu 5 katika 100 za maji yake ya mwaka. Mto huo hunywewa na mamilioni ya watu. Angalieni basi: ukoko ukivunjwa bondeni, maji hupotea mlimani, mamia ya kilometa mbali, mahali ambapo ukoko wenyewe haupo.

Tuvuke bahari twende katika jangwa la Negev, mashariki ya Misri. Hapo upo mpaka uliochorwa mwaka 1906 kati ya Negev na Sinai. Picha zilizopigwa kutoka angani katika miaka ya 1970 zilionyesha mstari ulionyooka: upande wa Sinai mchanga ulikuwa mweupe, upande wa Negev mweusi. Mvua ni ile ile na mchanga ni ule ule. Mwanzoni watu walidhani kwamba weusi ule ni majani na vichaka. Mwaka 1995 ilielezwa kwamba sehemu kubwa ya weusi ule ni ukoko: upande mmoja mbuzi na ngamia walipita kila siku wakauvunja, na upande wa pili wanyama walizuiwa, ukoko ukakua.

Katika Negev hiyo twaona jinsi maji yaliyokataliwa mahali pamoja yanavyokuwa riziki ya mahali pengine. Kati ya kichaka na kichaka ardhi imefunikwa na ukoko laini. Mvua ikinyesha, maji huteleza juu ya ukoko mpaka kwenye kichotara cha udongo tifutifu kilicho chini ya kichaka, ambako mchwa na mizizi wamefungua matundu, nayo huzama hapo. Kichaka hunywa mvua yake na mvua ya jirani yake. Mtu akivunja ukoko akidhani anaisaidia mvua izame, maji yatazama kidogo kidogo kila mahali, kina kisichofaa kitu, na kichaka kitapata kiu. Wakulima wa kale wa nchi ile waliijua desturi ya maji hayo ijapokuwa hawakuwa na hadubini. Walijenga kuta za mawe mabondeni, wakakusanya maji yaliyoteleza kutoka vilimani, wakalima nafaka na mizabibu mahali ambapo mvua ya mwaka haitoshi kuotesha chochote cha shamba. Hata huku Afrika ya Magharibi, katika nchi ya Niger, kuna misitu myembamba iliyopangwa mistari mistari kama ngozi ya chui milia. Mstari mmoja ni wa miti, unaofuata ni ardhi tupu yenye ukoko, na ardhi tupu hiyo ndiyo inayoinywesha miti.

Nimeiweka habari ya China mwisho kwa kuwa ndiyo ngumu kupita zote. Kusini-mashariki ya jangwa la Tengger pana mahali paitwapo Shapotou. Mwaka 1958 ilifunguliwa njia ya reli kutoka Baotou mpaka Lanzhou, nayo yapita hapo kati ya vilima vya mchanga vinavyohama kwa upepo. Mchanga ungaliweza kuifukia reli wakati wowote. Basi tangu mwaka 1956 watu walichukua mabua ya ngano wakayasimamisha mchangani kwa mistari iliyokatana, mraba kwa mraba, kila upande meta moja, hata vilima vikaonekana kama ubao wa dama. Ndani ya miraba walipanda vichaka vinavyovumilia kiu, bila kumwagilia. Mvua ya huko ni kama milimeta 180 kwa mwaka, na maji ya chini ya ardhi yako mbali mno, mizizi haiwezi kuyafikia. Ukanda waliouotesha una urefu wa kilometa 16, upana wake meta 500 kaskazini ya reli na meta 200 kusini yake. Mabua yalioza baada ya miaka michache, lakini yalikuwa yamekwisha kufanya kazi yake: mchanga ulitulia, vichaka vilishika, na reli ikapona.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanda. Mchanga uliotulia ulianza kunasa vumbi, na katika vumbi likaja lile kundi letu dogo. Kwanza nyuzi za sianobakteria, baadaye madoa, na baada ya miaka mingi vile vimea laini. Ukoko ukanenepa. Na kadiri ulivyonenepa, ndivyo mvua ndogo ndogo, ambazo huko ndizo nyingi, zilivyoishia juu. Zamani tone lilizama moja kwa moja katika mchanga mpaka penye mizizi mirefu ya vichaka. Sasa lilikamatwa mlangoni. Tabaka za chini zikakauka mwaka baada ya mwaka. Si kosa la ukoko peke yake, maana vichaka vyenyewe vilikuwa vimenyonya akiba ya chini kuliko mvua ilivyoweza kuirudisha. Lakini hayo mawili yalishirikiana, na vichaka vilivyopandwa kwa jasho vikaanza kufa na kupungua. Mahali pake vikaja vijani vya msimu vyenye mizizi mifupi, vinavyokunywa papo hapo juu, na pamoja navyo sisimizi na wadudu wengine ambao mchanga unaohama usingewaweka.

Mtu aweza kuuliza, je, hiyo ni hasara au faida? Kwa mwenye kutaka kuni na malisho ya vichaka ni hasara. Kwa reli si hasara, kwa sababu ukoko huushika mchanga hata pale kichaka kilipokufa. Mimi naona kwamba wale waliopanda vichaka vingi kwa karibu walilidai jangwa zaidi ya uwezo wake, na ukoko ulikuja kama karani wa hesabu, akairudisha idadi ya vichaka kwenye kiasi ambacho mvua yaweza kukilisha.

Habari za miguu na kwato ni fupi, maana hali ni ile ile kila mahali. Nyuzi za sianobakteria zilizovunjwa zaweza kurudi kwa miaka michache ikiwa mvua inapatikana. Yale madoa na vimea laini huhitaji makumi ya miaka. Katika Kalahari, huko Botswana, waliochunguza walikuta ukoko mzuri umesalia hasa chini ya miti ya kikwata. Kikwata sisi pia twakijua katika nyika zetu, na aliyewahi kupenya ndani yake hasahau ile miiba iliyopinda. Ng'ombe naye hasahau. Hupita mbali, na ukoko hukaa kwa amani kivulini.

Siku hizi huko China wako watu ambao hawangoji tena ukoko uje wenyewe. Hukuza sianobakteria kwa wingi katika mabirika ya maji, kisha huwanyunyiza juu ya vilima vya mchanga kama mkulima anavyomwaga mbegu. Mchanga hushikwa upesi kuliko kwa njia ya asili. Lakini kabla ya kunyunyiza hawana budi kuamua wanataka nini mahali pale: vichaka vyenye mizizi mirefu, au vijani vya msimu, au mchanga uliotulia tu, maana wakiisha kuufunga mlango ule, mvua itafuata njia mpya, wala haitauliza nani alipanda nini chini yake.